Aliyeshika Kamera

Jumatano, 16 Aprili

Naandika katika daftari la oda za studio kwa sababu ndilo pekee lenye kurasa tupu nyumba hii. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wa Abdulghani: picha za pasipoti sita, harusi ya Mambrui, albamu mbili za jalada jekundu. Nimezibana kwa kibanio cha nguo nisizione. Leo ni siku ya kumi na moja tangu mume wangu afariki, Mungu amrehemu, na ni siku ya kumi na moja ya eda yangu. Miezi minne na siku kumi sitoki, sijipambi, na mwanamume asiye maharimu yangu hanioni. Hatukujaaliwa mtoto. Nyumba yetu ya Shela, hii ya hapa mjini, si ile ya Lamu, ina vyumba vitatu na leo nimevizunguka vyote kabla ya adhuhuri.

Wanawake wanaokuja kunipa mkono wa tanzia ni wengi kuliko nilivyotarajia. Abdulghani alikuwa mpiga picha tu, si kadhi. Kila mmoja hunywa kahawa, hulia kidogo, huniombea subira, halafu huuliza habari za kompyuta.

Wa kwanza alikuwa Afiya, mwalimu wa chekechea. Maiti ilikuwa na siku tatu tu kaburini. "Bi Ruqaiya, ile kompyuta ya marehemu iko salama?" Nikamwambia iko. Akashusha pumzi. Leo amekuja wa tano, swali lile lile, pumzi ile ile. Fundi cherehani akifa, nani huuliza cherehani yake?

Kompyuta yenyewe ni sanduku la kijivu, kongwe, lipo chumba cha nyuma. Miaka mitatu hii Abdulghani alikuwa akiingia mle asubuhi, dakika tano, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa barazani saa mbili au tatu akisoma gazeti la juzi. Nikimwuliza, "Kazi za studio." Na studio alikwisha kuifunga!

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua kutwa. Chumba cha nyuma kinavuja, nimeifunika kompyuta kwa plastiki. Leo wameuliza wawili.

Jumatatu, 21 Aprili

Shemeji yangu Zuhair amekuja kutoka Gede, alikofungua duka la simu. Alisimama nje ya dirisha, mimi nyuma ya pazia.

"Asalaam aleikum, shemeji. Mungu akutie nguvu."

"Waaleikum salaam. Amin."

"Nimekuja na gari. N'taka niichukue ile kompyuta ya ndugu yangu."

"Ya nini?"

Akakohoa. Zuhair akitafuta uongo hukohoa kwanza, hilo nalijua tangu nilipoolewa.

"Mna mambo ya watu mle, shemeji. Si vizuri kukaa hivyo."

"Mambo gani ya watu?"

"Basi tu. Mambo."

"Itatoka siku nitakayotoka mimi," nikamwambia. Akaondoka bila kunywa chai. Ndugu humfichia ndugu, hata akiwa udongoni.

Nitaliandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema kwa mtu: nadhani Abdulghani alikuwa na mke mwingine. Na kama ni kweli, basi mwenzangu naye yuko eda hivi sasa, katika nyumba nyingine ya mji huu, akihesabu siku zile zile ninazohesabu mimi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeiwasha. Kabla hata ya picha kutokea, inataka neno la siri. Nimeandika jina langu. Imekataa. Nimeandika jina la mamake. Imekataa. Nimeandika Afiya. Ikalia mlio mrefu na kuganda. Sijui kama ilikataa au ilishtuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Pola, mama wa Kigiriama anayeniletea mboga na habari za mji, ndiye aliyekwenda kumwita Mutuku. Huyu ni Mkamba, anasomesha kompyuta shule moja ya sekondari, na ndiye aliyekuwa akimtengenezea marehemu mashine zake. Kwa hiyo nilimshuku kabla hajafika. Lakini mwingine simjui.

Nilimwambia kutoka dirishani kwamba hawezi kuingia. Nikadhani atakwenda zake. Akakunja mwavuli, akakaa barazani chini ya dirisha.

"Basi mama, wewe utafanya, mimi nitakuambia. Hakuna shida."

Nikaliburuta sanduku mpaka chini ya dirisha. Bisibisi ilipita chini ya pazia.

"Umetoa waya ya stima?"

"Nimetoa."

"Sasa guza chuma ya boksi na mkono mtupu, ndio umeme ya mwili iishe. Halafu fungua skrubu ya nyuma."

Miaka hamsini nimeishi sijui kama mwili wangu una umeme. Nikagusa. Nikafungua. Ndani kuna vumbi la miaka, waya, na ubao wa kijani.

"Unaona betri ndogo, inakaa kama shilingi?"

"Sioni."

"Ni hizo kadi mbili zimeifunika. Moja iko na tundu ya kuingiza video, ile ingine ni ya sauti. Toa zote. Shika kwa pembeni, usiguse meno yake, vuta juu pole pole."

"Umejuaje zilivyo na hujaziona?"

"Si ni mimi niliziweka, mama."

"Video ya nini?"

Mvua ilikuwa ikimwagika barazani na nikamsikia akisogeza miguu.

"Mimi nilifunga kadi tu, mama. Kazi yenyewe ilikuwa ya mzee."

Kadi zilikataa, nikaona nitazivunja, kisha zikatoka kama jino la mtoto. Nikaing'oa betri kwa ncha ya kisu. Mutuku akasema tungoje dakika kumi, mashine isahau. Tukangoja, yeye na mvua yake, mimi na vumbi langu. Nikairudisha betri, nikazichomeka kadi mahali zilipokubali kuingia, nikafunga.

Ilipowaka ilidhani leo ni tarehe mosi Januari 2003. Lakini haikuuliza neno.

"Na neno lenyewe lilikuwa lipi?" nikamwuliza.

"Hatujui, mama. Hatujalisoma, tumelifuta tu."

Nilihisi nimeibiwa. Nililitaka lile neno kuliko mashine. Mtu hulifunga jambo kwa jina la akipendacho, na mimi nimekifuta kwa kisu cha jikoni.

Ndani kuna neno la pili, la akaunti yake. Mutuku atarudi Jumamosi.

Jumanne, 29 Aprili

Pola anasema barabara ya Mambrui imejaa maji. Wanne wameuliza.

Jumamosi, 3 Mei

Neno la pili lilikuwa jepesi. "Ikianza kuwaka, bonyeza hiyo F8 kama unapiga mlango," alisema Mutuku. Ikaja orodha nyeupe, nikachagua mstari alionitajia, likatokea jina la mkubwa wa mashine ambaye hakuwekewa neno lolote. Tukapitia kwake, nikalifuta neno la Abdulghani. Nyumba ina mlango wa mbele wenye kufuli tatu, na wa uani uko wazi.

Nikamwambia Mutuku aende. Nikafungua.

Majina. Majina ya wanawake tu, arubaini na moja. Afiya wa tatu. Wale wote walioniuliza wamo.

Jumapili, 4 Mei

Nimefungua la Afiya. Picha imetoka, sauti hakuna. Ni Afiya wa ujana, kabla mimi sijaletwa hapa kutoka Lamu kuolewa. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga ameifunga kifuani, mabega yanang'aa mafuta, nywele zimefika kiunoni. Wawili tu chumbani, yeye na aliyeshika kamera. Anamcheka. Anajifunika uso kwa kiganja, anasema neno, anacheka tena. Halafu picha ikaganda na mashine ikazima.

Nimefungua mengine manane. Kila moja hivyo hivyo: mwanamke, kitanda, kanga, kicheko, kisha inaganda.

Nani aliyeshika kamera? Mjini hapa kulikuwa na kamera ngapi? Na picha ni za zamani, lakini la Afiya limetiwa kwenye mashine Februari ya mwaka huu, imeandikwa. Februari mimi nilikuwa na homa, na Abdulghani alikuwa akiniletea uji kitandani.

Jumatatu, 5 Mei

Sikupika.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemtuma Pola akaangalie kama Afiya anakwenda kazini na kama bado yuko kwa mumewe. Anakwenda kila siku, anaimba na watoto, na jioni hurudi kwa mumewe. Kwa hiyo hayuko eda, kwa hiyo si mke. Mke ningemstahi.

Pola akaniuliza, "Kwani amekufanyani mwalimu?" Nikamwambia auze mchicha.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimelisema.

Walikuja sita pamoja baada ya alasiri, wamebeba mahamri na mbaazi, Afiya miongoni mwao. Wakakaa mkekani. Mazungumzo yakawa ya mvua, ya bei ya nazi, ya mtoto wa fulani aliyefaulu. Nikawa namtazama Afiya anavyokunywa chai kama mtu msafi. Mwishoni akaniinamia, akanong'ona.

"Bi Ruqaiya, na ile kompyuta..."

"Nimeifungua," nikasema kwa sauti ya kusikiwa mpaka uani. "Nimekuona. Umefungua nywele, umejifunga kanga ya kifua, wamchekea mume wangu."

Hakuna aliyetafuna. Afiya aliweka kikombe chini, kikakosa sahani, chai ikamwagika.

"Umetazama?" akauliza.

Hakusema ni uongo. Hakusema amesingiziwa. Alisema umetazama, na mimi nikaona huko ndiko kukiri.

"Nimetazama, na nitatazama tena."

Akasimama, akavaa viatu vya mwenziwe, akatoka mvuani. Wale watano wakamfuata mmoja mmoja. Mahamri yamebaki. Nilihisi raha, sitadanganya. Ilidumu mpaka magharibi.

Ijumaa, 16 Mei

Hakuja mtu.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuja mtu. Mvua.

Alhamisi, 22 Mei

Pola ameleta habari. Mumewe Afiya amesikia mjini kwamba mkewe ana picha za nywele wazi kwa marehemu Abdulghani. Afiya yuko kwao Mambrui tangu juzi na mabegi yake. "Watu wasema mengi," alisema Pola huku akipanga bamia, haniangalii. Zamani Pola alikuwa akiniangalia.

Nilimwambia lisemwalo lipo. Lakini kutwa ya leo nimekuwa nikiirudia ile picha kichwani, na kila nikiirudia kuna kitu kinanikera. Mwanamke akimchekea mwanamume hujua anatazamwa. Afiya alikuwa akicheka kama anayekatazwa kucheka.

Nataka sauti. Nataka kumsikia Abdulghani akisema naye, nimalize.

Jumamosi, 31 Mei

Mutuku na pazia.

"Mama, zile kadi ulirudisha kila moja kwa nafasi yake?"

"Nilizirudisha."

"Kwa nafasi yake?"

Nikakiri kwamba nilizitia zilipoingia. Akacheka taratibu, si kwa dharau. Akanieleza kwamba tulipoisahaulisha mashine tuliisahaulisha kila kitu. Ina sauti yake ya kuzaliwa, ndani ya ubao, ambayo yeye aliizima alipofunga kadi. Sasa imeamka. Sauti mbili zinagombea, hakuna inayotoka, na ndiyo maana picha inaganda.

Nikafungua sanduku tena, nikazibadilisha kadi. Nikaingia kwenye ile skrini ya buluu ya mwanzo, nikatafuta mstari wa sauti, nikauzima. Bado bubu. Inataka sidii iliyokuja na kadi. Sidii haipo. Mutuku atatafuta.

Jumamosi, 7 Juni

Sikukuu ya kuchinja jana. Mwaka jana sinia za nyama zilikosa mahali pa kuwekwa. Jana haikuja hata moja.

Jumamosi, 14 Juni

Mutuku ameipata sidii katika droo ya shule. Nikaitia. Mashine ikajibu kwamba imekiona kitu kipya, ikauliza, nikakubali, ikauliza tena, nikakubali. Spika zikapiga mkwaruzo.

"Sasa mimi naenda, mama," akasema Mutuku.

"Mbona una haraka leo?"

"Mzee aliniambia, siku kadi ikishika, mimi nitoke. Kila mara nilikuwa natoka. Na yeye pia alikuwa anatoka."

Nikasikia mwavuli wake ukifunguka. Nikamfungua Afiya.

Amekaa ukingoni mwa kitanda. Kanga, mafuta, nywele. Na sauti ya aliyeshika kamera, karibu kabisa, nzito, ya kukaripia: "Mwari, inamisha uso! Bibi harusi hachekicheki. Wataka waseme somo wako hakukufunza?"

Ni Bi Chiku.

Bi Chiku, somo, yaani kungwi, wa nusu ya mabibi harusi wa mji huu, jirani yangu wa nyumba ya tatu, aliye Mombasa tangu Machi kwa binti yake aliyejifungua. Afiya akajifunika uso, akasema, "Somo, wallahi tena sicheki," akacheka. Picha haikuganda. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wanawake na vigelegele na ngoma ya vugo, mabibi wazima wazima wameacha vichwa wazi, wanacheza. Mwanamke mmoja mnene akaja mbele akamshika Afiya kidevu, akaimba.

Mwari aliye ndani hukaa na mumewe au na somo wake. Nilijua hilo tangu nina umri wa miaka kumi na mbili. Nilikuwa na majina mawili ya kuchagua, na kila siku nilichagua la mwanamume.

Nimeizima. Nimelia, na safari hii si kwa ajili ya Abdulghani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia Bi Chiku Mombasa. "Shikamoo, Bi Chiku." Hakuitikia marahaba. Alisema, "Nimesikia. Nakuja."

Jumamosi, 28 Juni

Amekuja na mvua ya mwisho mwisho. Hakuvua hata buibui.

"Wanaume hawaingii kwenye sherehe ya kupamba bibi harusi," alisema. "Abdulghani alinifunza mimi kushika kamera yake. Yeye alikaa nje na betri za akiba, mimi ndani. Kila kanda ya video ni mkono wangu. Sasa kanda zimeota kuvu, na mashine za kuzichezea zimekwisha mjini isipokuwa ya Abdulghani, naye akawa anazihamishia kwenye kompyuta. Afiya alinijia analia. Mamake yumo mle, aliyemshika kidevu. Alikufa mwaka uliofuata. Hana picha nyingine ya mamake akiimba."

"Abdulghani akazitazama?"

"Aliapa kwa msahafu mbele yangu. Akitia kanda, akibonyeza, akitoka, akifunga mlango, akikaa barazani mpaka iishe. Kama hakukuonyesha hivyo, basi hukuwa ukiangalia."

Nilikuwa nikiangalia kila siku.

"Na Zuhair?"

"Mkewe ni wa kumi na mbili. Alitaka amrudishie yake kabla haijaonwa na watu. Mwanamume atakwambiaje wewe hayo?"

Nikamwuliza lile lililokuwa likinichoma. "Kwa nini hakuniambia mimi, mkewe?"

Bi Chiku alikaa kitako, akatazama mikono yake.

"Nilimwambia akwambie. Akasema, 'Ruqaiya akijua, atataka kutazama.'"

Miaka kumi na tisa nilidhani mimi ndiye ninayemjua.

Jumapili, 29 Juni

Kuna kanda kumi na moja hakuwahi kuzitia. Zilikuwa ndani ya kabati lake, kwenye kikapu, zimefungwa kanga. Nimeifungua moja: kuvu jeupe pembeni, bado halijafika katikati. Zikingoja mwaka mmoja zimekwenda.

Jumamosi, 5 Julai

Bi Chiku amekwenda kwa mumewe Afiya, amemweleza. Afiya amerudi nyumbani kwake. Kwangu hajaja. Nimemtumia salamu za kuomba radhi kwa Pola, kwa simu, kwa imamu wa msikiti. Ulimi uliponza kichwa, na hapa umeponza kichwa cha mwingine.

Jumamosi, 12 Julai

Mutuku amenifunza kutia kanda. Nimejaribu kwa kanda tupu: waya wa manjano kwenye kadi ya video, mwekundu na mweupe kwenye ya sauti, unachagua mlango unaoingilia, unabonyeza, unaondoka. Nimekaa kwenye kibaraza cha ndani saa nzima, sikurudi.

"Mama, wewe sasa unaweza kuandikwa kazi," akasema Mutuku.

Nimeamua. Nikitoka eda nitazimaliza zile kumi na moja. Mimi ni mwanamke, hakuna haramu wala haya. Wataona wenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Nimenakili kila jina kwenye flashi yake na kufunga kwa bahasha. Bi Chiku anazipeleka. Hakuna aliyeleta neno la kurudi.

Jumanne, 29 Julai

Mvua imekwisha, kusi linavuma, milango inagonga. Afiya amekuja.

Hakuketi. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimepiga magoti bila kujua.

"Nimekusamehe, Bi Ruqaiya. Inuka. Nimekuja ufute mbele yangu."

Nikaiwasha. Nikalichagua jina lake, nikafuta, nikalitoa hata kwenye pipa la taka la mashine. Akatazama skrini mpaka mwisho.

"Afiya, zimebaki kanda kumi na moja," nikamwambia. "Kuvu linakula. Nimejifunza, naweza kuzitia zote kwa wiki mbili. Waambie wenzako. Mimi ni mwanamke mwenzenu."

Alifunga kifungo cha buibui, kile cha juu, akakifungua, akakifunga.

"Marehemu alikuwa mwanamume," akasema, "na tulilala usingizi."

Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, na wa adabu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimewaza kumtukana kwa barua. Nimewaza kwamba wanajifanya watukufu, wao na kanda zao. Nimeyaandika hapa, kisha nimeona nilivyo: bado namtafuta mwenye makosa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetoka eda. Mtu akitoka eda mjini hapa nyumba hujaa. Mmoja huleta asumini, mwingine udi, watoto hupewa halua. Leo amekuja Bi Chiku peke yake, na Pola mlangoni na fungu la mchicha asilotaka kulipwa.

Bi Chiku alinipashia maji. Alinivisha kanga mpya, akanifukiza udi, akanitia wanja kama anavyomtia mwari, mkono mmoja ukinishika kidevu. Nikafungua mlango wa mbele nikatoka barazani, nikasimama kidogo. Waliopita walinisalimu vizuri. Hakuna aliyesimama.

Tuliporudi ndani alikunywa kahawa, kisha akasema amekuja pia kwa ajili ya kikapu.

"Wenyewe wazitaka," alisema.

"Zitaoza, Bi Chiku. Mombasa hakuna tena wa kuzitengeneza. Wajua zitaoza."

"Najua."

"Wasema bora zioze?"

Akasogeza kikombe pembeni, akaacha nafasi mkekani. Nikamletea kikapu, nikakiweka mkekani mbele yake.

"Na wewe je?" nikamwuliza. "Na wewe huniamini?"

"Mimi nakuamini, mwanangu," akasema. "Wewe ni mwanangu, nitakosaje kukuamini?"

Akaifungua ile kanga, akazitoa kanda moja moja, akazipanga mkekani na kuzihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Akazirudisha kikapuni, akanywa funda la kahawa, akazitoa, akazihesabu tena.